Nani Anajua Kilichomo Horini?



Katika usharika wetu yupo mzee mmoja ambaye damu yake iliwahi kukataliwa. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa Marekani, amekwenda kumsalimia binti yake, na Jumapili moja baada ya ibada kanisa la huko likaandaa zoezi la kuchangia damu. Mzee wetu ni mtu asiyependa kubaki nyuma palipo na jambo jema, naye akapanga foleni. Wakaanza kumuuliza maswali ya fomu. Walipofika kwenye nchi alizowahi kuishi, akasema kwa fahari kidogo kwamba alisoma Uingereza kuanzia mwaka 1985 hadi 1988. Dada aliyekuwa mezani akaweka kalamu chini, akamweleza kwa upole kwamba damu yake hawawezi kuichukua. Sababu? Nyama ya ng'ombe ambayo huenda aliila miaka ile.

Alinisimulia huku akicheka. "Mchungaji, pombe nimeacha, sigara nimeacha, kumbe iliyobaki kunishtaki ni soseji ya bwenini!"

Marekani ilikuwa na sharti hilo kwa miaka mingi: aliyeishi Uingereza kwa jumla ya miezi mitatu au zaidi kati ya mwaka 1980 na 1996 hakuruhusiwa kutoa damu. Sharti hilo liliondolewa mwaka 2022. Leo nataka tutazame kilichokuwa nyuma ya fomu ile, maana ndani yake limo swali ambalo sisi tunaofuga, na hata sisi tunaokula tu, hatujiulizi mara nyingi: ng'ombe huyu amekula nini?

Ugonjwa wenyewe kwa Kiswahili tunauita kichaa cha ng'ombe, na jina hilo linatupotosha kidogo, kwa sababu wengi wetu tunafikiria kichaa cha mbwa. Si huo. Hapa hakuna kung'atwa wala chanjo. Ubongo wa ng'ombe ndio unaoharibika polepole, na ukitazamwa kwa hadubini unaonekana una matundu kama sponji. Mnyama anaanza kutetemeka. Anaogopa vitu alivyovizoea, anapiga mateke akikamuliwa, miguu ya nyuma inapoteza nguvu, mwishowe anaanguka na hainuki. Tiba hakuna.

Desemba 1984, katika shamba moja huko Sussex, kusini mwa Uingereza, daktari wa mifugo aliitwa kumtazama ng'ombe aliyekuwa amepinda mgongo na kukonda. Baadaye kichwa kikaanza kutetemeka na hatua zake zikawa hazina mpangilio. Februari 1985 akafa. Kama alikuwa na jina, halikuandikwa. Katika kumbukumbu anaitwa namba 133. Ilichukua hadi Novemba 1986 wataalamu wa maabara ya mifugo ya serikali huko Weybridge kutambua kwamba wanatazama ugonjwa mpya. Wakati huo hakuna aliyejua kwamba ng'ombe wengine maelfu tayari walikuwa nao mwilini, maana ugonjwa huu hulala kimya miaka minne au mitano kabla ya kujitokeza. Mwanzoni mwa mwaka 1993 walikuwa wanagunduliwa ng'ombe wagonjwa karibu 1,000 kila wiki. Kwa ujumla Uingereza ilithibitisha zaidi ya wagonjwa 180,000.

Chanzo kilitafutwa na mtaalamu mmoja wa Weybridge, John Wilesmith. Yeye na wenzake walipitia shamba baada ya shamba wakiuliza dawa zilizotumika, chanjo, viuatilifu, mbegu za madume. Hakuna kilicholingana. Kufikia mwisho wa mwaka 1987 lilikuwa limebaki jambo moja lililoonekana katika mashamba yote: chakula cha dukani, na ndani ya chakula hicho, unga wa nyama na mifupa.

Nieleze unga huo ni nini. Mnyama akichinjwa, si kila kitu huliwa na watu. Kule mabaki ya machinjioni, pamoja na mizoga kutoka mashambani, hupelekwa viwandani, hupikwa kwa joto kali, mafuta hukamuliwa, na makapi yanayobaki hukaushwa na kusagwa. Unga huo una protini nyingi, na aghalabu ulikuwa na unafuu wa bei kuliko protini nyingine. Ukachanganywa katika chakula cha kuku, cha nguruwe, na cha ng'ombe wa maziwa, wakiwamo ndama. Katika ufugaji wa maziwa wa kule ndama hutengwa na mama yake mapema sana, kwa kuwa maziwa yake ni ya kuuza. Badala ya maziwa na malisho ya kando ya mama, ndama anapewa chakula cha kutengenezwa. Ndiyo maana ugonjwa uliwapiga zaidi ng'ombe wa maziwa kuliko wale wa nyama ambao ndama wao hubaki wakinyonya. Anayetaka asome Walawi 22:27 aone Torati ilivyoagiza juu ya siku za kwanza za ndama na mama yake. Siyo kwamba Musa alijua habari za ubongo wa sponji. Lakini sheria ile inamwona ndama.

Hivyo ng'ombe wa Uingereza walikuwa wakila ng'ombe. Na mmoja akiwa na ugonjwa, mabaki yake yaliingia katika unga uliolishwa wengine, na hao nao wakasagwa.

Sayansi yake ilikuwa ngeni. Mmarekani Stanley Prusiner alikuwa amependekeza mwaka 1982 kwamba magonjwa ya namna hii hayaletwi na bakteria wala kirusi, bali na protini iliyokunjika vibaya, akaiita prioni. Wengi walimcheka, mwaka 1997 akapewa Tuzo ya Nobel. Prioni haifi kwa kuchemshwa jikoni, na ng'ombe anaweza kuambukizwa na kiasi kisichofika gramu moja ya ubongo wenye ugonjwa. Tena onyo lilikuwapo tayari kwa wanadamu. Huko Papua New Guinea, watu wa kabila la Fore walikuwa wakifa kwa ugonjwa uitwao kuru, hasa wanawake na watoto, kwa sababu walikula miili ya ndugu zao waliofariki kama sehemu ya maombolezo. Mtafiti wa ugonjwa huo, Carleton Gajdusek, alipata Nobel mwaka 1976, miaka kumi kabla ya ugunduzi wa Weybridge. Tunaposikia habari za Wafore tunashika vichwa. Lakini wao walifanya hivyo kwa kuwapenda wafu wao, na walipoambiwa waliacha. Sijui kama wenye viwanda wanaweza kusema hivyo.

Hapa ndipo wahubiri wengi hupenda kusimama, na mimi mwenyewe niliwahi kusimama hapo mimbarani. Isaya sura ya 11 inauona ufalme wa amani ambamo hata simba ameacha nyama na kushiriki malisho ya ng'ombe. Wanadamu, nikasema kwa sauti kubwa, wamefanya kinyume: wamemfundisha ng'ombe kula kama simba, na Mungu akawapiga. Waumini wakaitikia amina. Ilikuwa hoja nzuri ya kuhubiri, lakini leo nadhani nilikosea.

Kwanza, walipigwa akina nani? Aina mpya ya ugonjwa wa Creutzfeldt-Jakob, ambayo watu waliipata kwa kula nyama yenye maambukizi, iliwaua watu 178 Uingereza. Wengi walikuwa vijana. Wa kwanza kujulikana alifariki Mei 1995 akiwa na miaka 19. Ulianza kama huzuni na wasiwasi, hata wazazi wengine wakaambiwa mtoto ana msongo wa mawazo; kisha miguu ikayumba, kumbukumbu ikaondoka, na ndani ya mwaka mmoja au zaidi kidogo wakamzika. Wenye viwanda hawakuzikwa. Waliozikwa ni watoto waliokula baga kama watoto wengine. Ukisema hiyo ni hukumu ya Mungu, unamsingizia Mungu jambo ambalo hata hakimu wa mahakama ya mwanzo angeliona haya. Katika Luka 13 Bwana Yesu aliulizwa habari za watu waliouawa, naye akakumbusha wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akakataa kata kata kwamba walikuwa wakosaji kuliko wenzao.

Pili, hoja ya maumbile si nyepesi kama nilivyoihubiri. Kila aliyefuga anajua kwamba ng'ombe akizaa, usipomwahi, hugeuka na kula kondo lake la nyuma. Hilo nalo ni nyama. Tena unga wa nyama na mifupa ulikuwa umelishwa mifugo kwa miongo mingi kabla ya mwaka 1984 bila mtu kuona dhara. Kutumia mabaki si dhambi. Sisi wenyewe tunafundisha watoto wasitupe chakula. Kosa lilikuwa mahali pengine, na mahali hapo panatuhusu zaidi.

Lilikuwa kwenye mfuko.

Mkulima wa Uingereza alinunua mfuko ulioandikwa kiasi cha protini, mafuta na nyuzinyuzi. Sheria ya wakati ule haikumlazimisha mtengenezaji kutaja kila kilichomo. Baada ya maafa wakulima wengi walisema hawakujua kabisa kwamba walikuwa wanawapa ng'ombe wao mabaki ya ng'ombe, na mimi nawaamini. Mwenye machinjio alijua anauza mabaki. Hakujua yanakwenda hori gani. Mwenye kiwanda alijua anasaga. Mifugo ilikuwa mbali naye. Mchanganyaji alitafuta protini ya bei nafuu wiki hiyo, iwe soya, iwe samaki, iwe mifupa. Mama aliyenunua nyama alijua bei ya kilo. Katika mnyororo ule mrefu hakukuwa na mtu hata mmoja aliyemwona ng'ombe pamoja na kile alichokula, na hakuna aliyelazimika kusema uongo. Kutojua kulikuwa kumepangwa vizuri, na kulikuwa na faida.

Mithali 27:23 inamtaka mfugaji aijue hali ya wanyama wake kwa bidii. Tumeuchukua mstari huo kuwa shauri la uchumi, kwamba ukiwajua utapata mali. Nadhani una uzito zaidi ya huo. Mwenye mnyama anadaiwa kujua. Hawezi kumlipa mtu mwingine ajue kwa niaba yake, kisha aseme sikujua.

Torati ina sheria nyingine inayonisaidia katika habari hii, ile ya ng'ombe apigaye watu kwa pembe, Kutoka 21:28 na 29. Ng'ombe akimuua mtu kwa mara ya kwanza, mnyama anauawa lakini mwenyewe hana hatia. Ila kama ng'ombe huyo alikuwa na tabia hiyo, na mwenyewe alikwisha onywa, naye hakumfunga, basi hatia inamrudia mwenye ng'ombe. Sheria inatofautisha kabla ya onyo na baada ya onyo. Tuipime Uingereza kwa kipimo hicho.

Kabla ya mwisho wa mwaka 1987, tuseme ng'ombe wamepiga kwa mara ya kwanza. Baada ya hapo, onyo lilikuwa mezani. Nini kilifanyika?

Julai 1988 serikali ilipiga marufuku kuwalisha ng'ombe na kondoo unga utokanao na wanyama wanaocheua. Hilo lilikuwa jema, na lilifanyika haraka. Lakini nguruwe na kuku waliruhusiwa kuendelea kuula, na vinu vilivyosaga chakula cha kuku vilikuwa vile vile vilivyosaga cha ng'ombe. Kumbuka: chini ya gramu moja yatosha. Zaidi ya ng'ombe 40,000 waliozaliwa baada ya marufuku hiyo waliugua. Unga huo ulipigwa marufuku kwa mifugo yote mwaka 1996 tu.

Na wakulima? Ng'ombe aliyethibitika kuwa na ugonjwa alilipwa fidia ya nusu ya thamani yake, mpaka Februari 1990 ilipopandishwa kuwa thamani kamili. Mtu ana ng'ombe anayeanza kutetemeka, ana mkopo benki, na serikali inamwambia ukweli wake una thamani ya nusu. Mimi simlaumu sana aliyejaribiwa. Namlaumu zaidi aliyepanga bei hiyo.

Lakini kinachonichoma zaidi ni jambo la nje. Marufuku ya 1988 ilihusu hori za Uingereza. Haikuzuia kuuza unga ule kwa wengine. Mwaka 1989 mauzo yake kwenda nchi jirani za Ulaya yaliongezeka, na nchi hizo zilipoanza kufunga milango, shehena zikaelekea mbali zaidi, hata Asia. Ufaransa, Uswisi, Ureno, Ujerumani, kote huko baadaye waliwaona ng'ombe wakiyumba. Yaani kitu ambacho umesema hakifai kwa ng'ombe wako, unamfungia jirani kwenye gunia na kumtumia hati ya malipo. Nimetafuta jina la upole la tendo hilo na sijalipata. Mwanasheria aliyemuuliza Bwana Yesu jirani yake ni nani angalau aliuliza.

Kisha likaja suala la kutuliza watu. Jopo la wataalamu lililoongozwa na Sir Richard Southwood wa Oxford lilitoa taarifa Februari 1989. Lilisema si rahisi ugonjwa huu uwafikie wanadamu. Lilisema pia kwamba kama wamekosea katika makadirio hayo, matokeo yatakuwa mabaya mno. Sentensi ya kwanza ilirudiwa bungeni, magazetini na madukani kwa miaka saba. Ya pili ilisahaulika. Wakristo tunaujua mchezo huo, kwa kuwa tunaufanya kila siku na mistari ya Biblia.

Mei 1990 paka mmoja wa nyumbani alithibitika kufa kwa ugonjwa wa jamii hiyo hiyo, na watu wakaanza kuogopa: kama umeruka kwa paka, mbona usiruke kwetu? Waziri wa Kilimo, John Gummer, akasimama mbele ya kamera na kumpa baga binti yake wa miaka minne, ili taifa lione kwamba nyama ni salama. Picha ile inajulikana hadi leo. Gummer alikuwa Mkristo mwenye msimamo, mjumbe wa Sinodi Kuu ya Kanisa la Anglikana la Uingereza. Siamini kwamba baba yule alimpa mwanawe kitu alichojua ni sumu. Aliamini alichosema. Na hilo ndilo linalonitisha kuliko kama angekuwa mwongo, kwa sababu mtu mwema akiwa na hakika kupita anachokijua, watu humfuata.

Machi 20, 1996, Waziri wa Afya, Stephen Dorrell, aliliambia Bunge kwamba vijana kumi wamepata aina mpya ya ugonjwa wa ubongo, na kwamba maelezo yanayoelekea zaidi ni nyama ya ng'ombe. Ndani ya siku chache Ulaya ikafunga mlango kwa nyama ya Uingereza. Baadaye ikaundwa Tume chini ya Lord Phillips, iliyotoa taarifa yake Oktoba 2000 katika vitabu 16. Tume haikusema kwamba serikali ilidanganya kwa makusudi. Ilisema viongozi waliogopa mno kuzua hofu, wakawatuliza watu kupita kiasi, na ukweli ulipokuja watu wakajiona wamesalitiwa. Tume ilikataa pia maelezo yaliyokuwa yakipendwa, kwamba ugonjwa ulitokea kwa kuwa viwanda vilipunguza joto miaka ile. Ilisema hata mbinu za zamani hazikuwahi kuweza kuiua prioni yote. Kwa hiyo hatuwezi kumsukumia lawama fundi mmoja aliyepunguza moto. Njia yenyewe ilikuwa wazi kwa miaka mingi, ikingoja tu ugonjwa upite.

Na ng'ombe wenyewe? Ili kurudisha imani ya wanunuzi, iliamuliwa kwamba ng'ombe wote waliozidi miezi 30 wasiingie sokoni. Zaidi ya ng'ombe milioni nne waliuawa na kuteketezwa, wengi sana wakiwa wazima kabisa. Walikula walichopewa. Wapo Wakristo watakaosema mchungaji sasa anawalilia ng'ombe. Naam, kidogo. Mwisho wa kitabu cha Yona, Mungu anapoeleza kwa nini auhurumie Ninawi, baada ya kuwataja watu anawataja na wanyama wengi.

Sijaandika haya ili mtu aogope nyama ya buchani kwetu. Ng'ombe wengi wa nchi hii wanakula nyasi, na pengine tatizo lao kubwa ni kwamba nyasi zenyewe hazitoshi. Nimeandika kwa sababu nami nina ng'ombe wawili nyuma ya nyumba, wa kufungia ndani.

Mama yangu, huko Machame, alifuga ng'ombe mmoja ndani ya kihamba. Majani aliyafuata tambarare, akayabeba kichwani hadi juu, na kabla ya kuyatia horini aliyafungua, akayanusa, akatoa asiyoyapenda. Hakuwa amesoma habari za protini. Lakini ungemwamsha usiku wa manane na kumuuliza ng'ombe amekula nini leo, angekujibu. Sitaki kuwadanganya kwamba nataka kurudi kule. Ng'ombe wake alitoa lita mbili kwa siku na wangu mmoja hutoa kumi na mbili, na shingo ya mama iliumwa hadi alipofariki. Nanunua chakula dukani kama ninyi.

Na nimeona tunavyowaza. Mahindi yakiota ukungu ghalani, tunasema hayafai kuliwa na watu, basi apewe ng'ombe. Ni kauli ile ile iliyokuwa chanzo cha unga wa Uingereza: kisichofaa kwetu, apewe mnyama, kama vile mnyama ni mwisho wa safari. Lakini sumu kuvu iliyomo kwenye mahindi yale hupita kwa ng'ombe na kutokea kwenye maziwa, na maziwa hayo jioni tunampimia jirani, naye anampa mtoto wake. Nimewaona wazee wa kanisa wakifanya hivyo, watu waaminifu katika zaka. Nami nilifanya, miaka miwili iliyopita, gunia moja na nusu. Mke wangu aliuliza kama ni sawa, nikamwambia ng'ombe ana tumbo gumu.

Tangu mzee wetu anisimulie habari ya damu yake, swali lile halijaniacha. Jumatatu iliyopita nilikwenda dukani ninakonunua chakula cha ng'ombe. Kijana wa pale ananifahamu, alipata kipaimara kwetu. Nikageuza mfuko nyuma na mbele. Umeandikwa kiasi cha protini, uzito, na picha ya ng'ombe mnene anayetabasamu. Nikamuuliza, "Mwanangu, humu ndani kuna nini?"

"Chakula cha ng'ombe, mchungaji."

"Najua. Kimetengenezwa na nini?"

Akacheka, kisha akaona sicheki. Akampigia simu aliyemletea mzigo. Huyo akasema atamuuliza mwenye kiwanda. Tukangoja kama nusu saa, wateja wengine wakinitazama kama mtu mwenye nafasi nyingi. Jibu lilipokuja lilikuwa kwamba ni pumba, mashudu, chokaa, na "vitu vingine vya kuongeza nguvu". Nikauliza vitu gani. Simu ikakatika, au ikakatwa.

Nilinunua pumba na mashudu ya alizeti peke yake, nikayanusa pale pale dukani, nikaenda kuchanganya mwenyewe. Maziwa yamepungua lita mbili. Kijana ameahidi kwamba Jumatatu hii atakuwa na jibu, na nimemwambia nitarudi.